Uhai wa Data Katika Makontena ya Programu

Katika taaluma ya kompyuta, kontena ni mazingira yaliyotengwa ambamo programu huendeshwa pamoja na kila inachokitegemea, huku ikishirikiana na makontena mengine kutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi wa seva. Teknolojia hiyo ilienea baada ya Docker, programu ya kuunda na kuendesha makontena, kutolewa mwaka 2013, kwa kuwa kontena huundwa kwa sekunde chache, na toleo jipya la programu linapotoka, kontena la zamani hufutwa na jingine likashika nafasi yake.

Wepesi huo wa kufutwa ndio unaohatarisha data. Kontena hutokana na taswira, yaani kifurushi cha faili zisizobadilika zilizopangwa kwa matabaka, na linapoundwa huongezewa juu yake tabaka moja linaloandikika, ambamo hukaa kila faili mpya au iliyorekebishwa. Kulisimamisha kontena na kuliwasha tena hakupotezi kitu. Kulifuta huondoa tabaka hilo na vyote vilivyomo.

Kwa sababu hiyo data hutengewa makao nje ya kontena. Njia inayopendekezwa ni volumu, yaani eneo la diski linalosimamiwa na Docker yenyewe na kupachikwa ndani ya kontena kama folda ya kawaida, ambalo likipewa jina hubaki hata kontena likifutwa. Njia ya pili ni kupachika folda yoyote ya seva, jambo linalowafaa waandishi wa programu wanaohariri faili zao mara kwa mara, ingawa huifunga programu kwenye mpangilio wa seva hiyo.

Makontena yanapotawanywa katika seva nyingi, diski ya seva moja haitoshi, kwani kontena laweza kuhamishwa na diski ikabaki nyuma. Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena uliotangazwa na Google mwaka 2014, huiruhusu programu kuwasilisha ombi la hifadhi lenye ukubwa unaotakiwa, kisha huliunganisha na volumu inayofaa, mara nyingi diski ya mtandaoni. Hata hivyo, diski zinazoundwa zenyewe kwa njia hiyo kwa kawaida hufutwa pindi ombi linapofutwa, isipokuwa msimamizi awe ameagiza zibakizwe.

Volumu, basi, huikinga data dhidi ya kufutwa kwa kontena, lakini haiikingi dhidi ya diski kuharibika wala amri iliyokosewa. Kwa hiyo nakala rudufu, iliyowekwa mahali pengine na kujaribiwa kurejeshwa, bado ni ya lazima.