Pafu Linaloumia Kabla ya Kufika kwa Mgonjwa

Pafu la marehemu linalopandikizwa kwa mgonjwa huumia mara tatu kabla halijazoea kifua kipya: mchangiaji anapofariki, pafu linapokaa nje ya mwili, na damu inaporudi ndani yake. Wengi hudhani hatari kubwa ni mwili kukataa kiungo kigeni. Kukataliwa kupo, na dawa za kuzuia hilo humezwa maisha yote, lakini katika siku za mwanzo kinachotangulia kuua ni majeraha hayo. Pafu huvimba, vifuko vya hewa hujaa majimaji, na picha ya eksirei huonyesha weupe mahali palipopaswa kuwa peusi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa 1,255 katika hospitali kumi za Marekani, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu akipata hali hiyo kwa ukali ndani ya saa 72. Kwa wale ambao siku ya pili au ya tatu walikuwa bado nayo, asilimia 23 walifariki ndani ya siku 90. Kwa wengine ilikuwa asilimia 5.

Jeraha la kwanza huanzia kichwani. Wachangiaji wengi ni watu waliokufa ubongo, kwa ajali au kwa kiharusi, huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Ubongo unapokufa humwaga adrenalini kwa kishindo. Shinikizo la damu hupanda ghafla na kusukuma maji kutoka kwenye mishipa hadi ndani ya mapafu. Matapishi nayo huweza kuingia kwenye njia ya hewa, na vijidudu vikapata nafasi. Ndiyo maana pafu ni kiungo kigumu kuvuna: wachangiaji wengi hutoa figo na ini lakini mapafu yao huachwa.

Hapa ndipo uangalizi wa kawaida wa chumba cha wagonjwa mahututi unapofanya maajabu. Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba mchangiaji akipuliziwa pumzi ndogo, mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na urefu wake, na shinikizo kidogo likabakizwa mapafuni kila anapotoa pumzi, mapafu yanayovunwa huongezeka maradufu: kutoka asilimia 27 ya wachangiaji hadi 54. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Ilibadilishwa mipangilio ya mashine iliyokuwa tayari kando ya kitanda.

Jeraha la pili ni la barafu. Mapafu husafishwa damu kwa maji maalumu yenye potasiamu kidogo, hujazwa hewa kiasi, kisha huwekwa kwenye mfuko ndani ya sanduku la barafu, nyuzi 4 hivi. Hewa hiyo ina kazi yake: tofauti na figo au moyo, pafu linaweza kuvuta oksijeni iliyofungiwa ndani yake na kuishi nayo kwa muda. Mvuvi anayeshusha samaki wake soko la Bagamoyo anajua kwamba barafu huchelewesha uharibifu tu, haiuzuii. Kwa desturi madaktari walijipa saa 6 hadi 8. Lakini nyuzi 4 ni baridi mno kwa mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Watafiti wa Toronto walirudi kwenye nyuzi 10, na mwaka 2023, pamoja na wenzao wa Vienna na Madrid, walitoa matokeo ya wagonjwa 70 waliopandikizwa mapafu yaliyohifadhiwa hivyo, mengine kwa zaidi ya saa 12, bila madhara kuongezeka. Upasuaji wa usiku wa manane ukaweza kusubiri asubuhi.

Jeraha la tatu linashangaza zaidi, kwa kuwa linaletwa na kitu kilichokuwa kikisubiriwa. Damu yenye oksijeni inapoingia kwenye seli zilizokaa na njaa, huzalisha kemikali kali zinazotoboa kuta za mishipa. Kwa hiyo daktari mpasuaji huifungua damu polepole, kwa dakika kadhaa, na mtaalamu wa usingizi hapulizii oksijeni nyingi kuliko inavyohitajika. Utafiti ule wa 2013 uliitaja oksijeni nyingi wakati huo kuwa miongoni mwa vihatarishi, pamoja na historia ya uvutaji sigara ya mchangiaji.

Ipo pia njia ya kuyapima mapafu nje ya mwili, yakipumua ndani ya kasha la kioo huku maji ya lishe yakizunguka mishipani kwa joto la mwili. Stig Steen wa Lund, Sweden, aliitumia kwa mgonjwa mwaka 2000. Toronto waliiboresha, na matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha mapafu yaliyotiliwa shaka yakifanya vizuri kama yale yasiyo na shaka.

Huku pwani ya Tanzania pia wenye mapafu yaliyochakaa wapo, wakiwemo waliopona kifua kikuu na kubaki na makovu, na wanawake waliokaa miaka mbele ya moshi wa kuni wakikaanga samaki. Lakini nchini upandikizaji wa viungo ulioanza ni wa figo: Muhimbili Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na figo hutolewa na ndugu aliye hai. Kuvuna kiungo cha marehemu kunahitaji sheria, kama Kenya ilivyotunga mwaka 2017 na Uganda mwaka 2023, na kunahitaji familia kukubali kwamba ndugu yao ambaye kifua chake bado kinapanda na kushuka ameshafariki. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Bagamoyo, suala hilo lilishajadiliwa na wanazuoni: Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 lilikikubali kifo cha ubongo.

Pafu la marehemu halitapandikizwa Dar es Salaam hivi karibuni. Lakini pumzi ndogo inayolinda mapafu ya mchangiaji ndiyo hiyo hiyo iliyopunguza vifo vya wagonjwa hai wenye mapafu yaliyojaa maji, kutoka asilimia 40 hadi 31, katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000. Kila hospitali ya Tanzania yenye mashine ya kupumulia inaweza kuianza leo.