Msimfunge Mtoto Ulimi

Wiki hii imepigwa tena, simu ile ile kutoka Dar es Salaam: "Mwalimu, tunahamia Dubai Agosti. Tuache lini kuzungumza Kiswahili nyumbani, mtoto asije akafeli usaili wa shule?"

Msiache. Nimechoka kulieleza hili kwa upole.

Wazazi wanadhani kichwa cha mtoto ni debe: ili umimine Kiingereza, sharti umwage Kiswahili kwanza. Matokeo yake naletewa mtoto bubu. Mmoja, wa miaka saba, alikuwa amepigwa marufuku Kiswahili kwa miezi mitatu. Nikamuuliza kwa Kiingereza chapati hupikwaje. Kimya. Nikauliza kwa Kiswahili. Akamtazama mama yake kwanza, kama mshtakiwa, kisha akafunguka: unga unakandwa mpaka uache kunata mkononi, unaachwa upumzike, ukiharakisha chapati inakuwa gome. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini mimi nilikwishaandika nilichokitaka: mtoto anafuatanisha mambo na anatoa sababu. Uwezo huo ndio unaohamia kwenye lugha mpya. Asiyekuwa nao hana cha kuhamisha.

Tena miezi mitatu ni nini? Tangu miaka ya 1980, Jim Cummins wa Canada alionyesha kwamba mtoto hupata Kiingereza cha kuchezea uwanjani kwa takriban miaka miwili, lakini cha kusomea sayansi na historia huchukua mitano hadi saba. Na hicho mnachomfundisha nyumbani ni Kiingereza gani? Cha baba aliyerudi kazini hoi: kula, oga, lala, nyamaza. Mtoto anapoteza hadithi, utani na maswali ya kwa nini, anabakiwa na amri.

Hata mtihani wenyewe wa kuingilia shule hamuujui. CAT4, unaotumiwa na shule nyingi za mtaala wa Uingereza, una sehemu nne, na mbili kati yake ni za maumbo matupu.

Basi yashughulikieni yenye maana. Soma ripoti ya ukaguzi ya KHDA, mamlaka ya shule binafsi za Dubai. Iko wazi kwa kila mtu. Uliza kama masomo ya ziada ya Kiingereza yamo ndani ya ada au yanalipiwa kando. Darasa hupangwa kwa umri, hivyo mwenye miaka saba akiwekwa Mwaka wa Tatu wa mtaala wa Uingereza usishangilie kwamba karushwa. Shule za mtaala wa Kihindi nyingi huanza mwaka Aprili, si Septemba. Ada ya shule iandikwe kwenye mkataba wa kazi kabla hujausaini, maana ahadi ya mdomo ya mwajiri haikubaliwi na mhasibu wa shule. Barua ya uhamisho igongwe mihuri, ikiwemo ya Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ya ubalozi wa Falme za Kiarabu, mkiwa bado Dar.

Na siku ya usaili, mama akae nje.