Utando wa Chai na Ute wa Chujio: Ulipie Nini?

Chai ya rangi iliyopikwa kwa maji ya kisima, kama yale ya mitaa mingi ya Dar es Salaam, ikipoa kidogo huvaa utando wa kahawia unaong'aa. Mama mwenye nyumba anauona, halafu anapapasa ndani ya ndoo ya chujio anakuta utelezi. Anaona ni balaa moja, anakwenda kununua mashine. Kumbe ni mambo mawili yasiyohusiana, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Utando wa chai unaletwa na maji magumu. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Mount Kenya, walieleza katika jarida la Nature kwamba kalisi na bikaboneti za majini, zikipata oksijeni ya hewani, huungana na kemikali za majani ya chai pale juu ya kikombe. Hauna madhara. Kamulia limao: ukififia, umeshapata jibu kwa bei ya limao.

Ute wa kwenye chujio ni bakteria waliojijengea makazi. Chujio la kaboni huondoa klorini. Ladha inapendeza, lakini maji yanabaki bila kinga, na joto la pwani linamaliza kazi. Hapa usipuuze, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa.

Sasa hesabu. Kuchemsha lita 20 kwa birika la umeme hula takribani uniti mbili. Kwa anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 700, yaani kama 21,000 kwa mwezi ukichemsha kila siku. Vijidudu vinakufa, utando wa chai unaweza kubaki, na maji yaliyochemshwa ukiyarudisha kwenye ndoo yenye ute umeunguza umeme bure. Kidonge cha WaterGuard cha lita 20 kinahitaji nusu saa tu na maji maangavu. Kitie baada ya chujio la kaboni, kwa sababu kikitangulia kaboni itaila klorini yote.

Jagi la chujio hupunguza ugumu wa maji, kwa hiyo chai inatakata, lakini haliui bakteria. Kichujio chake kwa kawaida hubadilishwa kila wiki nne: ni 13 kwa mwaka. Uliza bei ya hivyo 13 kabla ya kuuliza bei ya jagi. Mashine ya RO (reverse osmosis) huondoa hata chumvi, ila nyingi za nyumbani hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja unayokunywa. Anayenunua maji kwa madumu ataumia. Mimi singeinunua kwa ajili ya utando wa chai peke yake.

Mwenye ute aanze na sabuni. Osha ndoo, fungua koki uisugue ndani kwa brashi nyembamba, kisha suuza kwa maji yenye klorini. Chujio la kauri sugua kwa brashi laini bila sabuni. La kaboni halioshwi, linabadilishwa. Utelezi ukirudi baada ya siku chache, kagua simtanki: kifuniko kilichopasuka huingiza mwanga na vumbi, na hapo wa kulipwa ni fundi, si muuza machujio.