Lebo ya Chupa ya Alizeti: Ununue Mashine au Uchapishiwe?

Kama unakamua alizeti Ikungi au unafungasha asali Itigi, swali la mashine ya lebo litakufikia siku mwenye duka atakapoikagua chupa yako na kusema: mzigo mzuri, lakini mbona hauna tarehe?

Jibu la haraka ni hili. Chini ya chupa mia tatu hivi kwa mwezi, usinunue mashine. Ukizidi hapo, inunue kwa ajili ya vile vinavyobadilika tu: tarehe, namba ya toleo, uzito, bei. Picha ya ua la alizeti na jina la bidhaa waachie wenye mitambo ya rangi, maana mashine ya mezani huchapa rangi moja na haiwezi kushindana nao.

Sasa tuzichambue zenyewe, kwa sababu dukani zote zinaitwa "printa ya lebo" na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Za bei ya chini kabisa hazina wino wala riboni. Zinachoma karatasi maalumu kwa joto, kama vile mashine ya EFD inavyotoa risiti. Ukitaka kujua lebo yako itakavyokuwa baada ya miezi kadhaa, tafuta risiti ya mafuta uliyoisahau kwenye dashibodi ya gari. Ama imefifia husomi kitu, ama imegeuka kijivu yote. Muuzaji asipokueleza karatasi yake ni ya aina gani, ikwaruze kwa ukucha: ikitoa mstari mweusi, ni ya joto.

Kwa mafuta ya kula, achana nayo. Barabara ya Dodoma kuja Singida imejaa meza za mafuta na asali, chupa zimepangwa juani tangu asubuhi, na mikono inayozishika ina mafuta. Jua, joto na mafuta ndivyo vitu vitatu vinavyoua maandishi ya karatasi hii. Mteja akikuta tarehe haionekani hatajua kuwa imefifia, atadhani umeifuta.

Lakini usiidharau. Kwa lebo yenye maisha mafupi ndiyo nafuu kuliko zote: bei kwenye rafu, vifurushi vya kutuma kwa basi, bahasha ya dawa inayoeleza vidonge viwili kutwa mara tatu. Huna cha kununua zaidi ya karatasi.

Aina ya pili inatumia riboni. Kichwa cha mashine kinayeyusha rangi ya riboni na kuibandika kwenye lebo, kwa hiyo maandishi yanadumu. Ni ghali zaidi, na hapa ndipo gharama zilizojificha zinapoanza.

Riboni si moja. Ya nta ni ya bei rahisi na inafaa lebo ya karatasi. Ya resini, au mchanganyiko wa nta na resini, ndiyo inayoshika kwenye lebo ya plastiki, na chupa ya mafuta inahitaji lebo ya plastiki kwa sababu lebo ya karatasi inanyonya mafuta na kutoa doa. Ukiweka riboni ya nta kwenye lebo ya plastiki, maandishi yatatoka vizuri kabisa, utafurahi, kisha yataondoka kwa kidole gumba. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achape lebo moja kwa vifaa anavyokuuzia, paka tone la mafuta, subiri kidogo, halafu isugue.

Pima pia tundu la katikati ya riboni. Mashine nyingi za mezani huchukua riboni fupi ya mita 74 yenye tundu dogo la nusu inchi. Zile ndefu za mita 300, ambazo kwa hesabu ya mita ni nafuu, nyingi zina tundu la inchi moja na hazitaingia. Wapo wanaouza mashine kwa bei ya kuvutia wakijua kuwa riboni ya saizi yake utaifuata kwao kila mara.

Zile ndogo za mkononi zinazounganishwa na simu kwa bluetooth nazo zinapendwa, hasa na vijana wanaouza mtandaoni. Zina betri, umeme ukikatika unaendelea na kazi, na hazihitaji kompyuta. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: je, inakubali roli la kampuni nyingine? Baadhi ya maroli yana chipu ndani, na mashine hukataa roli lisilo na chipu hiyo. La pili: programu yake ya simu ni bure yote, au kuna vipande vya kulipia kila mwezi? Mashine ya bei chee yenye roli la lazima na programu ya kulipia si ya bei chee.

Mtumba upo, na mwingine ni mzuri, hasa mashine zilizotoka kwenye maofisi. Ukizima mashine kisha ukaiwasha huku umebonyeza kitufe cha kusogeza karatasi, nyingi hutoa karatasi ya kujipima, na baadhi huonyesha humo zimechapa mita ngapi tangu zitoke kiwandani. Tafuta mstari mweupe unaokatiza maandishi kwa urefu wa karatasi. Safisha kichwa kwa spiriti na kitambaa laini, chapa tena. Mstari ukibaki palepale, kichwa kimeungua nukta, na bei ya kichwa kipya inaweza kukaribia ya mashine nzima. Angalia adapta pia: kama imeandikwa 110V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, futa uweke za kwako baada ya kuulizia bei. Tuseme lebo yako ina upana wa milimita 90 na urefu wa 60.

Steshenari: karatasi ya stika ya A4 inatoa lebo nane. Ukitozwa shilingi 2,000 kwa karatasi moja, lebo ni 250. Chupa 200 kwa mwezi ni shilingi 50,000. Ni ghali, ila hulipi chochote mapema, na ukibadili namba ya simu hutupi kitu. Dai ichapwe kwa mashine ya leza. Wino wa maji wa printa za kawaida huchuruzika ukiguswa na unyevu.

Kiwanda cha uchapaji: ukiagiza lebo 2,000 kwa shilingi 120 kila moja, unatoa 240,000 kwa mkupuo, na kwa chupa 200 kwa mwezi zitakutosha miezi kumi.

Mashine yako: tuseme 480,000, uigawe kwa miaka miwili, ni 20,000 kwa mwezi. Kwa chupa 200 hiyo ni shilingi 100 kwa kila chupa kabla hujanunua roli. Lebo ya plastiki ikiwa 60 na riboni 15, unafika 175, tena bila rangi. Kwa chupa 1,000 kwa mwezi mashine inashuka hadi shilingi 20 kwa chupa, na jumla ni 95. Umeona tofauti: mashine ni ileile, kilichobadilika ni wingi wa chupa.

Riboni ya mita 74 hapa itakupa lebo kama 1,170 tu, kwa sababu riboni hutembea sambamba na lebo pamoja na nafasi kati ya lebo na lebo, ukiandika neno moja au ukijaza yote. Ndiyo maana lebo ndogo ya tarehe, milimita 30 kwa urefu, inakata gharama ya riboni karibu nusu.

Ongeza nauli ya mzigo. Maroli mengi yatatoka Kariakoo, takriban kilomita 700, na kifurushi cha basi kina bei yake. Agiza ya miezi mitatu kwa pamoja, si ya mwaka, maana gundi huchoka kwenye stoo yenye joto. Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ya asilimia 18 ndani yake, na udai risiti ya EFD. Bila hiyo waranti ni maneno matupu. Itoe kopi siku hiyohiyo, kwa sababu unazozijua.

Njia ninayoipendekeza kwa mkamuaji wa kawaida wa Singida haina printa ya lebo kabisa. Agiza lebo za rangi, na umwambie mchapaji aache kisanduku cheupe kisichong'aa kwa ajili ya tarehe na namba ya toleo. Kijaze kwa mhuri wa tarehe na wino unaokauka haraka, au kwa mashine ya mkono ya kubandika bei. Bila kile kisanduku wino hauna pa kushika, nao utaishia kwenye shati la mteja.

Kabla ya kuagiza hata lebo mia, pitia SIDO na TBS na rasimu yako mkononi. Jina la bidhaa, ujazo, jina na anwani ya mzalishaji, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, namba ya toleo: kikikosekana kimoja, rundo zima linageuka taka. Alama ya ubora ya TBS huwekwa baada ya kupewa leseni, si kwa matumaini. Kama bado una akiba ya lebo za zamani zenye namba ya TFDA, kumbuka shughuli za chakula zilihamia TBS mwaka 2019.

Bakodi nayo isikuharakishe. Ya Tanzania huanza na 620, hutolewa na GS1 Tanzania kwa ada, na wanaoidai ni supamaketi. Meza ya barabarani haina skana. Ukifika huko, mashine ya nukta 203 kwa inchi inatosha. Usiuziwe ya 300 kwa hoja ya bakodi pekee.

Wenye maduka na ofisi, kwenu ni mafupi. Duka la rejareja: mashine ya mkono ya bei, basi. Ofisi inayobandika namba kwenye meza na kompyuta: riboni ya resini na lebo ya plastiki, na kama ni kazi ya mara moja kwa mwaka, mpe mchapaji.

Ukinunua, ifunike kitambaa kila jioni. Upepo wa Singida na vumbi lake huingia kwenye kichwa, na chembe moja ya mchanga hukikwaruza. Chupa ndogo ya spiriti iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.