Siku ya Vitumbua

Mwanetu wa miaka minane alipotuuliza tui hutengenezwa kiwanda gani, tulitahayari. Ijumaa usiku tukaroweka mchele. Asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, tukamketisha kwenye mbuzi akakuna nazi, nusu yake ikimwagika sakafuni. Tukakamua tui, tukasagia mchele humo pamoja na iliki, tukatia sukari na hamira, kisha tukangoja rojo liumuke.

Kungoja huko ndiko kulikotufaa. Mtoto akatusimulia, bila kuulizwa, kwamba wenzake humcheka asomapo kwa sauti darasani. Alikuwa amelificha jambo hilo mwezi mzima, nasi tu naye nyumba moja.

Vitumbua vya kwanza vilinata kwenye chuma. Akavila hivyo hivyo kwa Bismillahi. Vilivyoiva vizuri alivichagua mwenyewe, akampelekea jirani.