Somo la Kilimo: Mteremko Mmoja, Udongo Tatu

Leo twende Saskatchewan, katika mbuga za majani za Kanada. Huko barafu kubwa iliyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, ikaacha vilima vidogo vingi. Ukisimama juu ya kilima waona shamba moja la ngano. Je, udongo wake ni mmoja? Sivyo.

Wataalamu huchukua bonge la udongo bila kulivunja. Hulikausha, hulinywesha gundi inayoganda kama jiwe, kisha hulikata na kulisugua mpaka unene wake uwe sehemu 3 za mia za milimita. Sasa mwanga hupenya. Ndipo hulitazama kwa hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo.

Kwanza, kileleni. Mvua haikai, huteremka. Majani ni haba, na udongo mweusi ni tabaka nyembamba. Karibu chini yake zaonekana punje za chokaa, kwa kuwa maji hayakutosha kuziosha.

Pili, chini kidogo ubavuni. Udongo ni mweusi na mnene. Ni vidonge vidogo vidogo, vilivyoshikanishwa na mizizi, ukungu na mavi ya wadudu. Kati yake mna matundu. Humo hupita maji na hewa.

Tatu, bondeni. Maji hukusanyika na kuzama, yakichukua mfinyanzi laini. Mfinyanzi huo hujipaka ndani ya matundu kama lipu ukutani. Mna na madoa ya kutu, kwa sababu udongo hulowa, kisha hukauka.

Udongo hizi zimefuatana kama pete za mnyororo. Jina lake la kitaalamu ni katena, nalo lilitoka kwetu: mwaka 1935 Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alilitumia kueleza miteremko ya Afrika ya Mashariki.

Sasa shikeni neno hili. Plau huvunja vidonge na kuusukuma udongo mweusi chini. Ndiyo sababu vilele vingi vya Saskatchewan vimekuwa vyeupe, na mavuno yake ni hafifu. Wakulima wengi huko sasa hupanda bila kulima, wakiacha mabua shambani. Kidonge huvunjika kwa siku moja. Kilele kilichochunwa hakiponi upesi.

Maswali:
1. Kwa nini chokaa ipo karibu na juu kileleni?
2. Matundu yana kazi gani?
3. Katika shamba lako, udongo mweusi uko wapi?