Picha ya figo: kwa nini unachomwa sindano kwanza?

Jua la Al Wakrah tunalijua sote. Ukitoka jasho siku nzima na maji unakunywa kidogo, mkojo unakuwa mzito na chumvi zake zinaganda kuwa vijiwe. Ndiyo maana maumivu ya figo si kitu kigeni hapa Ghuba. Lakini wenzetu wengine wakisikia "sindano kabla ya picha" wanaingiwa na hofu. Basi tuelezane.

Eksirei huonyesha mfupa vizuri kwa sababu mfupa huzuia mionzi. Figo, mirija yake na kibofu ni nyama laini kama nyama zinazovizunguka, kwa hiyo kwenye picha vyote hutoka kijivu kimoja. Dawa ya kuvitofautisha ina ayodini, ambayo huzuia mionzi sana. Ikishaingia mshipani, figo huichuja, na njia yote ya mkojo hutoka nyeupe.

Jambo hili liligunduliwa Marekani: mwaka 1923 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti kwamba wagonjwa wa kaswende waliopewa dawa ya ayodini, mkojo wao ulionekana kwenye picha.

Dawa peke yake haitoshi. Umeme wa mashine ukiwekwa kama kilovolti 70, ayodini huonekana vizuri. Ukipandishwa mno, mionzi hupenya kila kitu na picha hufifia. Tena picha ya kwanza hupigwa kabla ya sindano, maana kijiwe cheupe ndani ya dawa nyeupe hakionekani. Siku hizi mashine ya CT huona karibu vijiwe vyote bila dawa hiyo, kwa hiyo wengi wenye vijiwe hawachomwi kabisa.

Ukichomwa, kusikia joto mwilini na ladha kama ya chuma mdomoni ni kawaida. Kuwashwa au kubanwa pumzi si kawaida: sema hapo hapo. Na kabla ya sindano usifiche kitu: kama figo zako ni mbovu, kama una mimba, kama unatumia metformini ya kisukari, au kama dawa ya picha iliwahi kukudhuru. Lugha ikikusumbua, nenda na mwenzio akutafsirie. Picha safi ikipatikana kwa kuumiza figo, hiyo ni hasara tu.